Fyuzi ya Mita ya Mama

Juzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya umeme hapa Bariadi, natafuta soketi ya jikoni, nikasikia mlio nyuma yangu: piii, mwembamba, mrefu, usio na haya. Kijana wa duka alikuwa anajaribu waya kwa mita ya mkononi, ile yenye kioo kidogo cha namba. Soketi niliisahau palepale. Nilikuwa tena na miaka kumi, nimechuchumaa kwenye sakafu ya sebule yetu mbele ya kifaa cha namna hiyohiyo.

Mama alikuwa fundi wa vipimo kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba, nje kidogo ya mji, upande wa kwenda Kasoli. Tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi, nyuma ya ghala la mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokwisha kukamuliwa. Msimu ukianza, harufu ya mbegu zinazopikwa kwa mvuke ilitushika mpaka kwenye mapazia na madaftari ya shule, harufu nzito kidogo kama karanga zilizosahaulika jikoni. Mwalimu wangu alikuwa anajua mtoto wa kota kwa kunusa tu. Baba alifundisha Lalago na kurudi Ijumaa jioni, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili, mimi na Mama.

Mama alizaliwa Tanga. Kiwandani walimwita mayu, kama wanavyomwita mwanamke yeyote wanayemheshimu, na yeye kwa kutaka kuwalipa heshima hiyo alijifunza Kisukuma, ila alijifunza salamu moja. Aliwaambia "mwangaluka" asubuhi, akawaambia "mwangaluka" saa kumi jioni, na wao wakaitikia kwa adabu zote kana kwamba ndiyo kwanza jua linachomoza. Nilipomwambia kwamba mchana husemwa vingine, alinijibu kwamba hajasikia mtu akilalamika.

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba vifaa vinavyopima joto na presha vinasema kweli. Kwenye boila, lile pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji, kulikuwa na kifaa walichokiita transmita. Kilipima presha ya mvuke na kupeleka habari kwenye paneli kwa njia ya umeme mdogo sana. Mama alinieleza mambo haya akiwa anasonga ugali, na mimi niliyapenda kuliko hadithi. Presha ikiwa hakuna kabisa, transmita nzima hutoa miliampia nne. Presha ikipanda, namba inapanda mpaka ishirini. "Nne ni mtu aliyelala," alikuwa akisema. "Sifuri ni maiti." Nilikuwa naisema sentensi hiyo shuleni kila nilipopata nafasi, na nafasi hazikuwa nyingi.

Mita yake ilikuwa ya njano, imevikwa raba, na alikuwa ameishonea mfuko wa kitenge. Ilikuwa na nyaya mbili na matundu matatu. Waya mweusi ulikaa tundu la katikati siku zote. Mwekundu ulikaa kulia ukitaka kupima volti, au kujua kama waya fulani umekatika. Ukitaka kupima mkondo, yaani umeme wenyewe unaopita, uliuhamishia kushoto. Volti unazigusa kwa nje tu, alinifundisha, lakini mkondo unapita ndani ya mita yenyewe, kwenye fyuzi, kile kiuzi kinachokatika umeme ukizidi, kwa hiyo tundu la kushoto usilishike kama hujui unachofanya. Niliruhusiwa kupima betri za tochi, tundu la kulia, yeye akiwepo.

Jumamosi moja Mama alikwenda sokoni na Baba, akaacha mita mezani. Kulwa, rafiki yangu, alikuwa amekuja. Baba yake, Masunga, ndiye aliyekuwa mtu wa boila kiwandani, na nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka yetu. Nilitaka kumwonyesha Kulwa kwamba mimi ni fundi. Tulipima betri za redio, tukapima limau, tukapima ulimi wa Kulwa, ambao ulitoa namba kubwa iliyomfanya ajione mtu wa maana. Kisha tukapima betri kubwa ya sola iliyokuwa pembeni ya kabati. Ikasoma volti kumi na mbili na nukta sita, nami nikaisoma kwa sauti ya redio ya taifa.

"Na tundu lile jingine?" Kulwa akauliza.

Ningeweza kusema sijui. Badala yake nilihamisha waya mwekundu kwenda kushoto, nikazungusha kitufe, nikagusa betri. Kulisikika tak, cheche ndogo ya bluu ikaruka kwenye ncha, na kioo kikaandika sifuri. Nilirudisha waya kulia, nikapima tena: kumi na mbili na nukta sita. Mita ilikuwa nzima. Nilishukuru Mungu kwa sauti, nikaikunja vilevile nilivyoikuta, na Kulwa akaapa kwa bibi yake wa Nkololo kwamba hatasema.

Jumatatu presha kwenye paneli ya boila ilianza kurukaruka, mara inapanda, mara inashuka, wakati saa ya mshale ya kupimia presha, iliyofungwa kwenye boila yenyewe, imetulia. Mama alisimamisha boila, akasubiri ipoe, akapima. Jioni nilimsikia akimweleza Baba kwenye simu. Volti zilikuwepo, ishirini na nne, safi kabisa. Lakini alipopima mkondo alipata sifuri, akarudia mara tatu, sifuri. Transmita imekufa, alisema, na mpya mpaka itoke Mwanza. Kiwanda kimesimama, malori ya mbegu yamejipanga mpaka barabarani. Na sababu ilionekana: Jumapili, kiwanda kikiwa kimepumzika, Masunga alikuwa ameosha sakafu ya chumba cha boila kwa mpira wa maji. Mama aliandika kwenye ripoti kwamba kifaa kimeingia maji.

Nilikula ugali wangu wote usiku ule. Nasema hivi ili msije mkafikiri nilikuwa mtoto mwenye dhamira kubwa. Nilisikia neno mkondo, nikasikia neno sifuri, na nikaikumbuka ile cheche, lakini nilijiambia nitulie kwa kuwa mita ilikuwa imesoma betri vizuri.

Jumatano shuleni Kulwa alinirudishia rula yangu. Nilikuwa nimemwazima tangu mwanzo wa muhula, na kusema kweli nilikuwa nimeshaisamehe. Nikamuuliza kwa nini.

"Tunahama Jumamosi. Baba amefukuzwa. Tunakwenda Nkololo kwa bibi."

"Amefanya nini?"

"Mama yako ameandika kwamba amemwagia maji kile chuma." Alilisema bila ukali, kama mtu anayetaja siku ya mtihani. "Mimi nitasoma kulekule kama watanipokea."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Rula ile niliishika mkononi njia nzima ya kurudi nyumbani. Nilijipa sababu zote za kunyamaza: labda transmita imekufa kweli, labda Mama anajua anachofanya, labda nikisema nitachapwa na Kulwa ahame vilevile. Lakini nilikuwa nimefundishwa vizuri mno. Nilijua kwamba volti hazipiti kwenye fyuzi na mkondo unapita. Mita inaweza kuonekana nzima upande mmoja na kuwa kipofu upande wa pili.

Mama alikuwa anachambua mchicha nyuma ya nyumba. Nilisimama mbele yake nikamwambia yote, pamoja na limau na ulimi wa Kulwa, ambavyo havikuhitajika.

Hakunipiga. Aliuliza, "Tundu lipi?"

"La kushoto."

"Kulitoka cheche?"

"Kidogo."

Aliosha mikono, akaleta mita. Akachomeka waya mwekundu tundu la kulia, akazungusha kitufe mpaka kwenye alama ya mlio, kisha akachukua ncha ya waya uleule na kuiingiza kwenye tundu la kushoto. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo. Fyuzi ikiwa nzima, mita hulia. Tulisubiri. Hapakuwa na mlio. Mama aliitazama ile mita kwa muda, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea simu mbaya.

"Vaa viatu," akasema.

Kiwandani alichukua fyuzi mpya stoo, akafungua mgongo wa mita, akaitoa ya zamani. Alinipa niishike. Haikuzidi sana punje mbili ndefu za mchele ukiziunga, na uzi wa ndani ulikuwa umeondoka. Akafunga mpya, akaingiza ncha tundu la kushoto, ikalia piii. Tukaenda chumba cha boila. Palikuwa na baridi na kimya, na mpira wa maji ulikuwa umekunjwa vizuri ukutani. Alifungua kifuniko cha transmita, akatenganisha waya mmoja, akaiunga mita katikati. Kioo kikafikiri kidogo, kikaandika: 4.00.

Ilikuwa imelala tu. Ndani hapakuwa na tone la maji. Kilichokuwa kinarusha namba kwenye paneli alikipata baada ya dakika kumi, skrubu moja iliyolegea kwenye kisanduku cha maungio ya waya, akaikaza kwa mzunguko mmoja wa bisibisi.

Kisha alikwenda kwa meneja, na mimi nikaachwa kwenye benchi nje ya mlango ulio wazi. Nilisikia kila neno. Mama alisema transmita ni nzima, Masunga hana kosa, ripoti yake ifutwe.

"Si ulipima mwenyewe?"

"Nilipima kwa mita mbovu. Fyuzi ilikuwa imekatika, na sikuikagua kabla ya kuitumia."

"Nani aliiharibu?"

"Mita ni yangu."

Meneja alisema maneno mengi kuhusu siku mbili za malori kusimama. Mimi pale nje nilijiona nimeokoka, na nikampenda Mama kwa mapenzi ya mwizi aliyefichwa kwenye ghala la mtu.

Masunga alirudi kazini kesho yake. Kulwa aliichukua tena rula. Mwisho wa msimu walitafuta fundi mkuu, nafasi ambayo kila mtu alikuwa anajua ni ya Mama, akapewa kijana ambaye Mama ndiye aliyemfundisha kushika mita. Mimi adhabu yangu ilikuwa moja: mwaka mzima, kila asubuhi kabla ya shule, niliingiza ncha tundu la kushoto mbele ya Mama, nikasubiri mlio, nikasema, "Inalia, Mama." Ndipo nikapewa chai.

Kuna jambo moja ambalo sikulielewa. Jumapili baada ya kurudishwa kazini, Masunga alikuja kwetu na furushi la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Alivua kofia mlangoni akasema, "Wabeja, mayu," akimaanisha ahsante, na Mama akapokea furushi akiwa ameinamisha macho, akashindwa hata kusema mwangaluka yake. Baba aliichemsha ile michembe na karanga. Mimi niliila kwa furaha. Mama hakugusa. Nilidhani anaona haya kwa ajili yangu.

Sasa mimi ni muuguzi. Kila siku nashika vifaa vinavyotoa namba, na wagonjwa wananiambia mambo ambayo namba hazijayataja. Labda ndiyo maana mwaka jana, Mama akiwa amekuja kukaa nami, nilimuuliza kwa nini alinificha kwa meneja.

"Nikufiche kwa lipi?" akasema, akashangaa kweli. "Wewe ulikuwa mtoto umechezea kitu kilichoachwa mezani. Mita unaikagua kabla ya kupima, ndicho kitu cha kwanza tulichofundishwa chuoni. Aliyesaini ripoti ni mimi."

Nilifikiri amemaliza. Alikuwa anakunja kanga yake mapajani, anaikunjua, anaikunja tena.

"Masunga alinifuata Jumatatu ile, kabla sijaandika. Akaniambia, mayu, kile kifaa nilikifunika kwa nailoni, nikaifunga kwa kamba, maji hayakufika. Aliniambia mara mbili. Nilimgeuzia mita aone." Aliiacha kanga mapajani. "Hakuwa amesoma, lakini sifuri aliijua. Aliitazama, nikaona anaanza kujiuliza kama kweli ile kamba aliikaza. Mtu aliyekuwa anasema kweli. Akaniomba msamaha."