Kunde Zenye Majivu

Dada yangu Milembe aliingia kijiji cha Zagayu kama bibi harusi akiwa na kibuyu cha mbegu za kunde. Alipewa na mama yetu, ambaye naye alipewa na mama yake. Kwetu ng'ombe walikuja kwa baba, mbegu zikaondoka na binti.

Kila msimu alichuma majani machanga ya kunde, akayachemsha na kuyaanika juu ya mwamba hadi yakawa nsansa, mboga kavu ya kutuvusha kiangazi. Kunde za kula aliziweka kwenye debe. Za mbegu alizipaka majivu wadudu wasizitoboe, akazitia kibuyuni juu ya meko. Mtoto wa Zagayu hakugusa kunde yenye majivu. Mwaka wa njaa kubwa Milembe alilala bila kula, na kibuyu kimejaa hapo juu yake.

Kisha biashara ikaachiwa huru. Nisiseme uongo, nasi tulishangilia. Sabuni ilirudi madukani. Lakini wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia, majirani walilima pamba hadi mlangoni, na kunde za zamani zikabaki kwa Milembe peke yake. Mboga zikaanza kuja kwa lori, kwenye makopo na pakiti zenye picha za kijani kuliko jani lenyewe.

Joyness, binti yake wa pekee, aliolewa Bariadi na Constantine, mwenye duka la vitu hivyo. Siku ya harusi kibuyu kilibaki juu ya meko. Alisema atakifuata akipata shamba.

Milembe alimngojea. Mwaka mmoja nilimsindikiza Bariadi, amebeba nsansa kwenye kitenge. Joyness aliipokea kwa magoti, adabu haikumpungukia, kisha akaisukuma uvunguni na kutupikia mboga ya pakiti. Milembe akala, akauliza imelimwa wapi. Constantine aliigeuza pakiti huku na huku, akacheka na kumwita mama kwa Kisukuma.

"Mayu, hii hailimwi. Inanunuliwa."

Tulicheka wote, na dada yangu pia. Njiani kurudi, tulipoliona paa lake, alisimama.

"Atakuja kukichukua kibuyu," akasema. "Hata kama ni siku ya kunizika."

Joyness akaja siku hiyo hiyo, ya kumzika mama yake. Alikuja na pikapu ya mchele na pakiti, na rafiki zake wa mjini, wakawaomba kina mama wa kijiji wakae mkekani na wafiwa, jiko waliachie wao. Ulikuwa wema, siwezi kuuita vinginevyo. Watu walikuwa wengi. Siku ya pili mboga za pakiti zikaisha.

Mchana nikaletewa wali na kunde. Tonge la kwanza tu nilizijua, maana nilizila utotoni kwa mama. Niliinuka na sahani yangu mkononi nikaenda jikoni. Kibuyu kilikuwa kimelala chini, mdomo wazi, na karibu yake beseni la maji ya kijivu.

"Mjomba, mama alikuwa anatunza kunde zake vibaya," Joyness akaniambia, macho yamevimba kwa kulia. "Zilijaa majivu. Tumeziosha maji matatu."

"Mmepika zote?"

"Zote, Mjomba. Hata hivyo hazikutosha."

Niliuliza kuhusu kibuyu. Akakitazama kama mtu anayetazama kiatu kilichobaki bila mwenzake.

"Kichukue tu. Mimi nyumbani nina ndoo za plastiki."

Sikumwambia. Nimesoma vitabu vingi peke yangu kwa mwanga wa koroboi, na sikupata ndani yake neno la kumwambia mtoto aliyetoka kumzika mama yake kwamba pamoja na mbegu hizo amewapika bibi zake wote. Nilirudi kukaa na wanaume. Walikuwa wanasifu kunde, wakisema siku hizi huzipati tamu hivyo.

Niliimaliza sahani yangu. Kuzimwaga nisingeweza.