Sahani ya Peke Yake

Wazazi wetu walipokufa, mimi mkubwa niliacha shule ili niwatunze wadogo zangu wawili na bibi, mama yake mama. Bibi alipoanza kusahau mambo, alisahau hata kula, akakonda. Muuguzi, ambaye kwetu tunamwita muganga, aliniagiza nimpakulie peke yake, nione kila siku amekula kiasi gani.

Kwetu Kalemie tunakula bugali katika sahani moja. Anayetengewa chake pembeni ni yule anayeogopwa kuwa mlozi, mchawi wa kula watu. Nililijua hilo, lakini nikamwekea bibi sahani yake, na samaki mzima juu.

Aliitazama, kisha akapaza sauti majirani wasikie.

“Mimi niko mulozi? Nilikula nani katika nyumba hii?”

“Muganga njo alisema hivi, Bibi. Kula tu.”

“Wewe njo ulikula mama yako! Sasa unanitafuta mimi!”

Mdogo wangu wa mwisho akacheka. Nilimzaba kofi, nikamimina chakula cha bibi katika sahani yetu. Hapo bibi akaanza kula. Tangu siku hiyo wadogo zangu hawagusi samaki mpaka bibi ashibe, na mara nyingi wanabaki na bugali mtupu.