Mbuzi Watatu na Figo Moja

Kaka yangu mkubwa na dada yangu mdogo walikuwa wakisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na kati ya ndugu wote waliopimwa, ni mimi tu niliyefaa kutoa figo. Daktari alisema nawafaa wote wawili. Hilo ndilo lililoleta kikao cha ukoo.

Mimi ni fundi wa redio mjini Kabati. Nimejifunza kwa vitabu, na huwa siamini jambo mpaka nilione limepangwa kwenye karatasi. Miezi miwili nilisoma habari za figo, kisha nikachora jedwali: umri, hali ya moyo, muda wa kungoja. Dada alimshinda kaka kwa mbali. Nikatoa nakala tisa, nikazibeba hadi nyumbani Matinyani.

Hakuna mzee aliyesoma. Mwenyekiti wa ukoo alifutia kiti nakala yake.

"Dada yako ameolewa kule Salama," akasema. "Figo ya ukoo huu itaendaje kukaa kwa watu wengine?"

"Mzee, figo ni yangu."

"Na wewe ni wa nani?"

Wakacheka hadi mmoja akakohoa. Ndipo shangazi yetu akauliza kuhusu ntheo, wale mbuzi ambao kwetu mwanamume hupeleka kwa wakwe, na bila hao mke huhesabiwa bado ni binti wa kwao. Shemeji, mume wa dada, alikuwa na watoto wanne na hakuwahi kuleta mbuzi hao. Wazee wakanong'onezana, kisha wakaamua: kwa kuwa mbuzi hawajaja, dada bado ni wetu, na kwa kuwa ana watoto wa kulea, figo apewe yeye.

Hoja ilikuwa ya ovyo, lakini jibu lilikuwa lile nililolitaka. Nikanyamaza. Sikupaswa kunyamaza.

Shemeji alipopata habari alifurahi kupita kiasi. Jumamosi iliyofuata akaingia uani kwa pikapu, amevaa suti, na mbuzi watatu nyuma.

"Shemeji, umefanya nini?" nikamuuliza.

"Nimeshukuru. Nitapokeaje figo mikono mitupu?"

"Ungengoja mwezi mmoja tu!"

"Miaka kumi na tano mnanisema sijaleta. Leo nimeleta, mnanisema nimeleta!"

Mbuzi mmoja alichinjwa, akaliwa. Wazee wakiwa bado wanajipangusa midomo, mwenyekiti akatangaza kwamba sasa dada ni wa Salama kabisa, kwa hiyo figo ni ya kaka. Nilipiga kelele. Nikaambiwa niongeze nyama.

Kaka alikuwa ameketi pembeni na kikombe chake kidogo, maana maji yake ya siku yalikuwa ya kupimwa. Katika vikao vyote viwili hakuna aliyemuuliza neno, hata mimi.

"Lete ile karatasi yako," akaniambia.

Aliisoma polepole, mstari kwa mstari, mtu pekee aliyefanya hivyo.

"Kwa umri umenipa pointi ngapi?"

"Sifuri."

"Pointi hizi ulizipanga kabla au baada ya kujua unataka nani apone?"

Nilikuwa nimelibadilisha lile jedwali mara tatu, na kila mara pengo lilizidi kupanuka.

"Baada," nikasema.

"Basi usiniambie wale wazee ni wajinga." Akanirudishia. "Mpe yeye. Lakini ukifika kwa daktari sema unampa kwa sababu unataka. Usiseme mimi nilipata sifuri."

Daktari aliponiuliza nampa nani, na kama kuna aliyenishurutisha, nilisema nampa dada yangu kwa sababu nataka apone. Jedwali lilibaki mfukoni.

Dada amepona, analima. Mwenyekiti hanisalimu hadi leo. Kaka bado yuko kwenye mashine, Jumanne na Ijumaa. Mimi ndiye ninayempeleka, na mimi ndiye ninayempimia maji ya kunywa. Kila nikimimina yeye huinama kutazama mstari kwenye kikombe, na kila mara husema namwibia.