Bowa Nyeupe za Kapata

Nimeshaona mtu akipona, na kule kupona kwake kukamuua mwingine.

Msicheke. Nilikuwepo.

Ilikuwa zama za Wabelgiji, mvua za mwaka 1957. Sisi watu wa Kasai tuliishi Kapata, huko Katanga, kwenye nyumba za kampuni. Baba alikuwa zamu mgodini. Mama yangu alikuwa na mdomo, na porini alijiona fundi.

Nyuma ya nyumba njia iliingia msituni. Huko akina mama walichuma bowa, yaani uyoga. Siku hiyo tulikwenda na jirani yetu, Mama Adolphine, mzaliwa wa Katanga.

Mama akajaza kikapu bowa nyeupe. Mama Adolphine akashtuka.

"Mama Tshibola, acha ile! Inauaka bantu."

"Kwetu Kasai tunaikulaka. Ona, hata bidudu binaikula."

"Ya huku haiko ya kwenu."

"Unaninyima juu uko na roho mubaya!"

Wakanuniana njia nzima.

Mama akazipika na karanga, akala peke yake. Mimi bowa siziwezi, zinateleza mdomoni. Ndiyo maana niko hapa nawasimulia.

Asubuhi alitapika mpaka nikalia. Kesho yake, mzima! Anafagia, anaimba. Nilifurahi kama kichaa.

Akaita majirani. Akapika zilizobaki, akamwekea Mama Adolphine sahani mbele ya watu wote.

"Ulisema inauaka. Mi huyu hapa. Kula, tupatane."

Kila mtu akawa anamwangalia Mama Adolphine. Akanawa mikono, akala, akamaliza.

Siku iliyofuata macho ya mama yakageuka manjano. Zahanati haikuweza kitu. Tukamzika.

Mama Adolphine naye alikuwa kitandani, macho yale yale. Nikaenda kumwona.

"Mama, kwa nini ulikula?"

"Kama ningekatala, na mama yako akufe, bangesema mi njo nilimuloga. Ile bowa inadanganyaka, mutu anapona kwanza, kisha anakufa. Nilijua, mutoto wangu. Nilikula na nilijua."

Akafa. Watu wetu hawakukanyaga msibani. Walisema uchawi wake umemrudia.

Yaani alikufa bure kabisa. Inaniuma mpaka leo.

Ndugu zangu, porini msikilize mtu wa pale, hata kama humpendi. Akikuambia acha, acha. Usimlazimishe akuonyeshe upendo kwa tumbo lake.