Pilau Niliyoiacha Ngazini Zhanxi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Jiko wa chuo cha hoteli alinipa gunia la vitunguu na kisu butu. Nilimwambia kisu hakikati. "Najua," alisema. "Kinoe kwanza." Nikanoa hadi saa nne, huku wanafunzi niliopaswa kuwafundisha wakinitazama. Sisi tulioingia ualimu wa mapishi zamani zile tulianza na mikono, chaki ikaja baadaye.

Nilifundisha Iringa, kisha Arusha. Nilipotimiza miaka arobaini Mkuu wa Chuo aliniita ofisini. Ilikuwa imepatikana nafasi moja ya masomo ya miaka miwili mjini Guangzhou, China, na jina alilopeleka ni langu. "Watalii wa Asia wanakuja, Mwalimu Esta," alisema, "na sisi tunawapikia supu ileile. Nenda ukajifunze." Nilifika kule mwaka uliotangulia Olimpiki ya Beijing.

Asubuhi tulisoma lugha, mchana tuliingia jikoni. Fundi aliyetufundisha tulimwita shifu, ndivyo Wachina wanavyomwita mtu aliyebobea katika ufundi wake. Alikuwa mzee mfupi, hacheki. Kwake nilijifunza kitu wanachokiita pumzi ya karai: ile harufu ya moshi inayoingia kwenye chakula karai linapokuwa la moto mno. Ukichelewa kupakua, inatoka na hairudi. Nilijifunza pia kwamba mchuzi wa mifupa hautokoti. Vipovu vinapanda kimoja kimoja kwa saa nzima, na mpishi haondoki pale.

Jumamosi nilikuwa natembea. Nilipanda basi hadi Shunde, mji wa jirani, nikala samaki wa mvuke aliyetiwa tangawizi na mafuta ya moto tu, nikaona haya kwa viungo vyote nilivyowahi kummwagia samaki. Nilikwenda Chaozhou kula kitoweo cha bata, nikafika hadi Hong Kong kuonja tambi za kamba. Kila nilichokula nilikiandika daftarini.

Mwanahamisi nilikutana naye Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla ya vitu vikavu. Alikuwa ameinama juu ya gunia la samaki wadogo, anawanusa.

"Dagaa hawa," aliniambia kwa Kiswahili, kana kwamba tumetoka pamoja nyumbani. "Wameanikwa juani, si kwenye mashine. Nusa, dada."

Alikuwa mtu wa Pangani. Alikuja kununua nguo, biashara ikaharibika, akabaki akiwapikia wafanyabiashara kutoka Afrika katika chumba alichopanga ghorofa ya saba. Wazanzibari, watu wa Kariakoo, Wakongo, wote walipanda ngazi zile kufuata wali wa nazi. Nami nikawa napanda kila Jumamosi, na baadaye Jumatano pia. Alinifundisha mapishi ya pwani ambayo mimi, mwalimu wa mapishi, sikuyajua. Nami nilimsemea sokoni kwa Kichina, maana chake kilikuwa maneno machache tu ya palepale: bei gani, hakuna, simjui, punguza. Nilipougua homa alinilaza kitandani kwake siku nne, yeye akalala chini.

Kisha ukaja msako. Askari walianza kusimama kwenye milango ya masoko wakiomba pasipoti. Viza alizokuwa akiongezewa mtu kwa urahisi zikakataliwa. Ya Mwanahamisi ilikwisha, akaomba, akanyimwa, akabaki. "Nikirudi mikono mitupu nitamwambia nini mama?" alisema. Hakutoka tena ila kupeleka chakula.

Wiki hizo Msimamizi wa wanafunzi wa kigeni alituita. Alizungumza polepole ili tuelewe. "Mwanafunzi atakayekutwa anafanya kazi, au yuko na watu wasio na vibali, atarudishwa kwao. Na nchi yake haitapewa nafasi tena."

Jumatano moja, saa sita mchana, tulikuwa tunapeleka pilau Zhanxi, kwenye soko la viatu karibu na stesheni. Mwanahamisi alibeba hotpoti mbili, mimi nimebeba moja. Kwenye ngazi za ghorofa ya pili tukakuta askari wawili. Wa kwanza alichukua pasipoti yangu, akaona kibali cha uanafunzi, nikamjibu kwa Kichina, akafurahi. Kisha akamgeukia mwenzangu. Mwanahamisi hakuwa na cha kumpa.

"Unamjua huyu?" askari aliniuliza.

Nilisema, "Simjui. Tumekutana hapa ngazini, nikamsaidia kubeba."

Nimewahi kujidanganya kwamba Mwanahamisi hakuelewa Kichina changu. Lakini neno lile alikuwa analisikia kila siku sokoni. Alinitazama kidogo tu, kisha akaweka hotpoti zake chini taratibu.

"Wapelekee watu chakula," aliniambia kwa Kiswahili. "Kitapoa."

Askari wa kwanza akamshika mkono, akashuka naye. Askari wa pili alibaki ananitazama. Ningebeba zile hotpoti, angejua nimesema uongo. Basi na ile ya kwangu nikaiweka chini, nikapita kama mtu aliyekuja kununua viatu. Nikiwa juu nilisikia watu kule chini wakizikwepa hotpoti wakipanda.

Kituoni sikwenda. Nilijiambia nitakwenda kesho, kisha keshokutwa, kisha nikasikia amesharudishwa nyumbani. Sikumwandikia. Nilimaliza masomo, nikapewa cheti cha daraja la kwanza, na shifu, aliyekuwa hasifu mtu, alinisifu mbele ya wote. Sikumbuki alisema nini.

Nikarudi kazini Arusha, halafu Dodoma, nikapanda hadi Mkuu wa Idara. Nilifundisha pumzi ya karai, samaki wa mvuke, na wali wa nazi wa Pangani. Wanafunzi waliniuliza wali ule nilijifunza wapi. Niliwajibu: China. Wakacheka, wakidhani natania.

Nilipostaafu nilikuwa na muda, na sababu za kutokwenda zikaisha. Nilikwenda Pangani, nikaulizia, nikaonyeshwa nyumba. Alinipokea mama yake, bibi mzee aliyekuwa akichambua mchele. Nikamtajia jina langu, akaacha ungo, akasimama kwa shida.

"Esta wa China?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mwenzio hatunaye. Mwaka wa tatu huu. Presha."

Alinishika mikono yote miwili. "Alikutaja hadi mwisho," alisema. "Alituambia siku aliyokamatwa ulimng'ang'ania, ukalia, mpaka askari wakakutenga naye kwa nguvu. Nikasema, mwanangu kule ugenini alipata ndugu. Nimekuombea dua miaka yote hii."

Nilikuwa nimekwenda kutubu. Nilifungua kinywa, nikamwona jinsi alivyofurahi, nikakifunga. Sijui mpaka leo kama ilikuwa huruma au ni woga uleule. Akanitandikia mkeka, akanipakulia chakula, akakaa pembeni yangu kunitazama nikila. Kila nilipomaliza alinipakulia tena, akiniita mwanangu.