Umelalaje

Tangu ndovu wamuue baba shambani kwetu Rukanga, mama halali. Hukaa kitandani macho makavu, akisikia mahindi yakivunjwa hata msimu ambao hatujapanda kitu. Kwa hivyo niliposikia kuna daktari anafanya utafiti wa usingizi na magonjwa ya akili, nilimfuata hadi Voi nikamsihi aje amwone.

Alikuja. Akamwuliza kwa upole, “Mama, umelalaje?”

Mama akakaza leso, akamjibu vile mgeni hujibiwa asubuhi. “Salama, mwanangu. Sijui wewe.”

Nilitamani kumtikisa. Nikamsindikiza daktari hadi barabarani. Akanitazama macho yangu mekundu, akaniuliza na mimi nimelalaje.

“Salama,” nikasema.