Barua Niliyosema Nimeiandika

Kila nikisikia watu wanapanga safari ya wanafunzi, hunirudia asubuhi moja nikiwa kidato cha tatu. Nimesimama nje ya uzio wa Bunge, Nairobi, wenzangu arobaini wako nyuma yangu, na askari wa langoni ananiuliza barua yetu iko wapi. Mwanangu, barua haikuwepo. Sikuwa nimeiandika.

Nimekaa Dubai zaidi ya miaka thelathini, mingi yake katika bandari ya Al Hamriya nikiandika hati za shehena, na hasira zangu nyingi zimepoa. Hii haijapoa. Wiki iliyopita ilichochewa upya sebuleni kwa binti yangu, hapa Al Qusais.

Kamati ya wazazi wenzake ilikuja kupanga safari ya watoto wa sekondari kwenda Abu Dhabi, wakajifunze mji mkuu unavyoendesha nchi. Katibu wao ni Rashidi, mtoto wa rafiki yangu, kijana mwepesi wa ulimi. Walizungumza saa mbili nzima. Basi limepatikana, biriani imeagizwa, fulana zimeshachapwa na tarehe kifuani. Waliisifu rangi ya fulana kwa muda mrefu kuliko walivyotaja jambo lolote watakalojifunza watoto. Nikauliza kama lile jumba la serikali wanalokwenda kulizuru limeshapelekewa maombi, maana vikundi vya shule haviingii hivi hivi.

"Inshallah, mzee," Rashidi akasema.

"Inshallah umepeleka, au inshallah utapeleka?"

"Mzee naye! Kwani hapa ni bandarini? Tukifika tutaongea nao. Yalla, tuendelee."

Wakacheka. Mjukuu wangu Zuhura, aliyekuwa akigawa chai, hakucheka. Alikuwa amejaza kurasa nne za daftari kwa maswali ya kuuliza huko.

Damu ilinichemka, na sitaki kukudanganya kwamba ilinichemkia Rashidi peke yake. Nilikuwa nikijitazama mwenyewe.

Mwalimu Mwakio, aliyetufundisha historia, alinipa kazi moja tu: niandike Bungeni kuomba nafasi ya kusikiliza mjadala. Nikaahirisha, kwa kuwa kulikuwa na mazoezi ya mpira. Aliponiuliza nikamjibu nimeshaipeleka. Akauliza tena baada ya wiki, nikarudia, naye akaniamini. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi wa kwangu niliukwaza mara mbili, kwa makusudi.

Tulitoka Voi kwa treni. Kati yetu alikuwamo Mkamburi, msichana aliyejua majina ya wabunge kama sisi tulivyojua ya wachezaji. Mama yake alikuwa mgonjwa, na baba alikwisha kusema muhula ule ndio wa mwisho kwake shuleni, arudi akalee wadogo zake. Alichotaka ni kuketi mle ndani siku moja tu, asikie sheria inavyotungwa.

Tuliporudishwa langoni, aliushika uzio kwa mikono miwili, akanigeukia bila kupaza sauti. "Si ulisema umeandika?"

Nikamwambia Mwalimu Mwakio kwamba nilisahau. Akanikatiza.

"Hukusahau. Aliyesahau hajibu kwamba amefanya. Wewe umewatazama watu arobaini, ukaona hawastahili hata karatasi moja."

Muhula uliofuata dawati la Mkamburi lilikuwa tupu. Sikumwandikia, sikumtafuta, sikumwomba radhi. Kwanza nilikuwa na aibu, kisha nikaizoea. Husemwa majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa amesimama mbele yangu na sinia la chai.

Nikawasimulia wote pale, kama ninavyokusimulia wewe. Rashidi akatoa simu, akapeleka maombi palepale, amenuna. Majibu yakaja asubuhi: Jumamosi waliyoipanga imejaa, nafasi iliyopo ni Alhamisi ya wiki inayofuata. Yaani wangesimama nje wote na fulana zao! Aliponipigia kunieleza, wala hakuomba radhi. Alichosikitikia ni kwamba fulana zina tarehe isiyo ya safari tena. Nikamwambia wazivae hivyo hivyo. Bora tarehe ikosewe kifuani kuliko mtoto akosewe langoni.

Mwanangu, ukikabidhiwa safari ya watoto, anza na mlango watakaoingilia, biriani itafuata. Jina la Mungu usiligeuze pazia la kufunikia uvivu wako. Litaje baada ya mkono kutenda sehemu yake. Ukiulizwa na hujafanya, sema sijafanya. Aibu yake ni ya dakika moja. Yangu imepita miaka hamsini. Na uliyemkosea mwendee angali karibu.

Mungu akujaalie ulimi usioutangulia mkono wako, na akufungulie kila lango utakalowafikisha watoto wa watu. Na Mkamburi, popote alipo, ampe wajukuu ambao hawajawahi kuachwa nje.